Mwaka mvua ikikata: kanisa likae vipi na familia za wakulima

Naandika hii kwa wazee wa kanisa, wainjilisti, viongozi wa jumuiya na akina mama wa kanisani, hasa huku kwetu Dodoma na Singida ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, inaanza Desemba inaisha Aprili, na ikikata Februari ndo basi tena, hamna msimu wa pili wa kujikomboa. Nimekaa kwenye kamati ya usharika miaka kadhaa na kitu kimoja nimekiona kinajirudia: msaada wetu unafika umechelewa. Tunaanza kuchangishana mwezi wa pili watu wakishakonda, na wakati huo mtu ameshauza mbuzi wake wa mwisho kwa bei ya kutupa, mbegu ameshaila, deni ameshalichukua, na binti ameshapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Yale magunia mawili tunayopeleka yanamshibisha wiki kadhaa lakini mwaka unaofuata anaanzia chini zaidi ya pale alipokuwa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kalenda ya shamba, sio kalenda ya sadaka, na nawaomba sana muusome mwezi wa tatu na sio mwezi wa kumi na mbili.

Hatua ya 1: Mwezi wa tatu na wa nne, tembeeni mashamba

Msisubiri mtu aje aseme nina njaa. Mkulima wa huku hasemi. Mkulima akikwama kitu cha kwanza anachoacha ni kuja kanisani, maana hana cha kuweka kwenye bahasha na hataki jina lake lisomwe kwamba ahadi hajamaliza, kwa hiyo ukiona benchi fulani lina nafasi Jumapili tatu mfululizo hiyo ndo taarifa yenyewe. Sisi tulikuwa tunasema "fulani amepoa kiroho", kumbe fulani hana kitu ndani.

Chagueni watu wanne au sita, nusu wawe wanawake, mgawane mitaa, mtembee shamba kwa shamba wakati mazao bado yamesimama. Usikae sebuleni, nenda shambani na mwenye shamba, shika suke, kata hindi moja umenye uone limejaa au lina meno ya pembeni tu. Pale pale mkulima mwenyewe atakwambia "hapa mwaka huu nikitoa gunia nne nashukuru", na anakwambia kwa amani kwa sababu mnaangalia mahindi, hamuangaliani usoni.

Kwenye daftari andikeni mambo matano tu: gunia anazotegemea, watu wanaokula pale nyumbani, mifugo iliyopo, deni na analodaiwa na nani, na kama ana mbegu ya mwakani. Msiandike zaidi ya hapo, mkianza kuuliza sana inakuwa kama sensa na watu wanafunga midomo.

Alafu pigeni hesabu. Ukichanganya wakubwa na watoto weka nusu kilo ya nafaka kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita ni kilo tatu kwa siku, kilo tisini kwa mwezi, yaani karibu gunia zima la kilo mia. Mtu aliyevuna gunia nne mwezi wa sita, hata asipouza hata kilo moja, mwezi wa kumi ghala lake ni tupu. Na atauza, maana kuna ada, kuna matibabu, kuna deni la dawa. Kwa hiyo mwezi wa nne tu mnajua ni kaya ipi itaishiwa Agosti, ipi Oktoba, ipi itafika Januari. Pangeni majina kwa mwezi wa kuishiwa. Hiyo orodha ina faida kuliko kikao chochote mtakachokaa baadaye.

Daftari hili likae kwa mtu mmoja anayejua kunyamaza. Lisipite mkono kwa mkono kwenye kwaya.

Hatua ya 2: Ondoeni kwanza mzigo ambao kanisa lenyewe limeuweka

Hapa nitasema wazi na naomba wachungaji wasinielewe vibaya. Mwaka wa shida huwezi kumpelekea mtu debe la mahindi kwa mkono wa kulia na bahasha ya ahadi ya ujenzi kwa mkono wa kushoto. Baraza la wazee likae mwezi wa tano liamue: michango ya lazima ya ujenzi, ya sare za kwaya, ya safari za viongozi, inasimama mpaka mavuno mengine. Itangazwe madhabahuni kwa wote, bila kutaja kaya, ili hata mwenye shida asionekane amesamehewa peke yake. Kusoma majina ya waliotoa na wasiotoa kusitishwe kabisa.

Sadaka ya mavuno iendelee, watu wetu wanaipenda na mtu akinyimwa nafasi ya kutoa anajiona ametengwa, ila mtu alete alichonacho, hata kikombe cha karanga, hata mzigo wa kuni. Asiye na kitu atoe siku moja ya kazi, iandikwe kama sadaka nyingine yoyote.

Na ule mnada baada ya ibada, pale nje chini ya mti, unaweza kugeuzwa ukawa kitu kizuri sana. Mnajua inavyokuwa, mzee ananyanyua jogoo juu, "elfu kumi na mbili, kumi na tano kule nyuma", mwalimu ananunua alafu anasema "liuzwe tena", linanadiwa mara ya pili na ya tatu na watu wanacheka. Kubalianeni kwamba mwaka huu nafaka yote ya mnada ikishanunuliwa mnunuzi akisema "nairudisha" isinadiwe tena, iende moja kwa moja kwenye ghala la akiba la kanisa, nitalieleza hatua ya 3. Walimu, manesi, wenye maduka, watumishi wa halmashauri, hao ndo wana mshahara hata mvua ikikata, waambiwe mapema ili waje wamejipanga. Tumefanya hivyo na debe zinajaa bila mtu yeyote kuombwa.

Hatua ya 3: Mwezi wa sita, nunueni na mtunze

Hii ndo hatua kubwa na nitakaa hapa muda mrefu.

Mahindi na mtama bei inakuwa chini Juni na Julai hata mwaka mbaya, kwa sababu kila mtu ana shida ya hela kwa wakati mmoja, na inapanda Desemba mpaka Machi. Tuseme debe Julai ni elfu kumi na Januari ni elfu ishirini (mfano tu, bei ya kwenu mnaijua). Shilingi laki sita ya kanisa ikikaa benki mpaka Januari inanunua debe thelathini. Ikinunua Julai ni debe sitini, zaidi ya gunia kumi. Hapo ni kaya kumi kwa mwezi mzima, na hujaongeza hata shilingi. Yusufu kule Misri hakufanya muujiza, alitunza wakati kipo.

Nunueni kwa waumini wenyewe na majirani, kwa mizani au kwa debe la kusawazisha, lumbesa, yaani gunia la kurundikwa kupita kipimo, marufuku. Mkulima anayelazimika kuuza gunia moja alipie ada, akiuzia kanisa kwa bei ya soko la siku hiyo na akapimiwa kwa haki huo tayari ni msaada mkubwa. Alafu mpeni haki ya kulinunua gunia lake lile lile Januari kwa bei aliyouzia, aongeze kidogo tu ya mfuko na usafiri. Kuna mama alirudi mwezi wa kwanza akanunua gunia lake mwenyewe, lilikuwa bado na kamba nyekundu aliyolifungia, akaishika ile kamba akakaa kimya kwanza kabla ya kutoa hela. Sijasahau ile siku.

Kutunza sasa, maana nafaka ikiharibika mmepoteza kila kitu na mnaweza kuua watu. Mwaka 2016 Chemba na Kondoa watu waliugua na wengine walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na huku kwetu hakuna mtu ambaye hajasikia habari zile. Sumukuvu inatoka kwenye ukungu, na ukungu unaingia nafaka ikiwa haijakauka vizuri, ikianikwa chini kwenye udongo, au ikinyeshewa baada ya kuvunwa. Ukipika haiondoki. Kwa hiyo:

Anikeni kwenye turubai, sio kwenye vumbi. Chambueni kwa mkono, punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa zitupwe, na zisipewe kuku wala zisipelekwe kwenye pombe. Karanga angalieni zaidi, zenyewe ndo zinashika sana hii kitu.

Pimeni ukavu kwa chumvi kama hamna kipimo. Chukua chupa ya kioo safi iliyokauka kabisa, weka mahindi yafike theluthi ya chupa, weka kijiko cha chumvi iliyoanikwa ikakauka, funga, tikisa vizuri dakika chache alafu acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Chumvi ikidondoka yote chini, yamekauka. Ni rahisi hivyo, hata watoto wa Jumapili wanaweza kufanya na wanaipenda.

Hifadhini kwenye mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kila nailoni kwanza ipulize hewa uone haina tundu. Jaza ya ndani, shindilia, kamua hewa yote, sokota shingo, ikunje, funga kamba. Alafu nailoni ya pili hivyo hivyo. Alafu kiroba. Wadudu wakikosa hewa wanakufa wenyewe, huhitaji dawa ya unga hata kidogo, na hilo kwa chakula cha msaada ni jambo kubwa. Usiufungue fungue kila siku kuchungulia. Pangeni juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, na panya mpigane nao kwa kufagia na kuziba matundu, maana panya mmoja akitoboa nailoni mfuko umeshakuwa kiroba cha kawaida.

Ghala si lazima lijengwe, chumba cha nyuma cha kanisa kinatosha kama bati halivuji. Kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu tofauti: mzee wa kanisa mmoja, mama mmoja kutoka umoja wa wanawake, na muumini wa kawaida ambaye sio kiongozi wala ndugu wa kiongozi. Mchungaji asishike ufunguo. Sio kwamba simuamini, namlinda, siku ikisemwa gunia limepungua jina lake lisiwepo. Hesabu isomwe kila mwezi kwa idadi ya gunia zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, bila majina ya waliopewa.

Hatua ya 4: Madeni, mapema kabla hayajakomaa

Kinachoifilisi familia ya mkulima mara nyingi sio njaa yenyewe, ni kile alichosaini akiwa na njaa. Kule Kagera kwenye kahawa wanaita butura, kusini kwenye korosho wanaita kangomba, huku kwetu hatuna jina zuri lakini kitu ni kile kile: mtu anakupa hela mwezi wa kwanza, utamlipa gunia mwezi wa sita, kwa hela ambayo haifiki hata nusu ya bei ya gunia. Alafu kuna mikopo ya kausha damu, marejesho kila wiki, na mkulima hana mapato ya kila wiki, atayatoa wapi? Anakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza.

Tafuteni kanisani mtu mmoja anayejua kusoma mikataba, mwalimu mstaafu, karani, mtu wa SACCOS, muumini yeyote aruhusiwe kumpelekea karatasi kabla ya kusaini, bila kuulizwa maswali. Huyo mtu aangalie vitu vitatu: riba ni kwa wiki au kwa mwezi, dhamana ni nini, na mkopeshaji ana leseni. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na vikundi vya kuweka na kukopa navyo visajiliwe. Anayeshikilia kadi ya benki ya mtu, au anayebeba godoro na sufuria bila utaratibu, mtu asimuogope, apelekwe kwa mtendaji. Hata Kumbukumbu la Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mtu, na jembe la palizi nalo ni hivyo hivyo.

Deni lililokwisha kuiva, wazee wawili waende na mdaiwa kwa mdai. Msiende kugomba. Nendeni na pendekezo: asimamishe riba, apokee kidogo kidogo baada ya mavuno. Mara nyingi mdai naye ni mtu wa hapa hapa na anakubali akiona watu wazima wamekuja kwa heshima.

Kanisa lenyewe lisigeuke kuwa mkopeshaji wa hela. Tulijaribu, tukagawa hela bila masharti ya kueleweka, nusu haikurudi na mbaya zaidi waliodaiwa waliacha kuja ibadani. VICOBA vya akina mama, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ni bora, kwa sababu wanajuana, wanakutana kila wiki, na wana mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Kanisa linaweza kuongeza kitu kwenye ule mfuko wa jamii mwaka wa shida, likaishia hapo.

Hatua ya 5: Mbegu isiliwe

Septemba na Oktoba pitieni tena zile kaya za kwenye daftari. Muulize mama, sio baba, kwa sababu mama ndo anajua kile kibuyu cha mbegu kimefikiwa au bado. Kama ndani hakuna chakula mbegu italiwa, mbegu ikiliwa mwaka ujao ni njaa nyingine, kwa hiyo kaya ya namna hiyo ipewe chakula Oktoba hata kama kwenye orodha zamu yake ni Desemba. Kilo tano za mtama wa mbegu zikipona hapo zinaokoa msimu mzima.

Na mtunze mbegu ya kanisa kwenye mfuko wake peke yake, umeandikwa MBEGU, na huo haufunguliwi kwa ajili ya ugali hata aje nani. Kwa ukanda wetu nawasihi iwe mtama na uwele, mbegu aina ya Macia kwa mtama, aina ya Okoa kwa uwele, na mbaazi kidogo. Najua watu wanapenda ugali mweupe wa mahindi, mimi pia, lakini mahindi yakikosa mvua wiki tatu yakiwa yanatoa mbelewele hayarudi, mtama unajikunja unasubiri. Wazee wa Kigogo walioishi na kumbukumbu ya Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 mpaka 1920 iliyoanza wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, hawakuwa wajinga kung'ang'ania uwele.

Mbegu ya dukani nunueni kwa pamoja, mtu mmoja aende mjini na orodha ya watu ishirini, achukue risiti, aangalie lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye kila pakiti, aikwangue na aihakiki kwa simu kabla hajaondoka dukani. Mbegu feki inamrudisha mtu nyuma mwaka mzima na hakuna wa kumlipa. Mbolea ya ruzuku nayo, tangu 2022 lazima mkulima awe ameandikishwa kijijini apate namba yake, na wanaokosa ni wajane, wazee na wasio na simu. Wiki moja vijana wa kanisa wenye simu wakae na wazee wetu, wawasindikize kwa mtendaji, waandikishwe. Haigharimu kitu.

Hatua ya 6: Mikono shambani

Januari mtu mwenye njaa anaenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwingine apate debe, shamba lake mwenyewe linazama kwenye majani. Hapo ndo umaskini unapojizalisha. Palizi ya kwanza isipofanyika wiki mbili tatu baada ya mimea kuota mavuno yameshapungua hata mvua ikiwa nzuri.

Kwa hiyo kwaya na vijana wapange ujima, Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa nne, shamba moja kila Jumamosi, kuanzia kwa mgonjwa, mfiwa, mjane, mama aliyejifungua. Kila mtu aje na jembe lake na chakula chake. Hili la chakula ni la muhimu mno. Nimeona kikundi kinaenda kumsaidia mama alafu mama anakopa unga apike kwa watu thelathini, msaada umegeuka mzigo. Bebeni uji wenu.

Na sio waumini tu. Kijijini kwetu kuna msikiti na kuna waliokuwa hawana dini yoyote, njaa haikuuliza. Kaeni na imamu, linganisheni orodha, mgawane kaya ili mmoja asipewe mara mbili na mwingine akose. Anayepewa nafaka na kanisa asiambiwe hata neno moja kuhusu kubatizwa.

Hatua ya 7: Jinsi ya kupeleka

Jioni, baada ya jua kuzama, kwa baiskeli au bodaboda, mfuko wa kawaida. Watu wawili wanaomfahamu mwenye nyumba. Hodi, salamu, kaeni kidogo, ulizeni habari za watoto na mifugo, alafu "mama, tumeleta kidogo". Picha hapana. Hata kama aliyechangia ni mtoto wa kijiji aliye Dar na anataka kuona, mpelekeeni picha ya magunia ghalani na hesabu iliyosainiwa, sura ya mtu akipokea debe sio risiti.

Mkiwa pale angalieni. Binti wa darasa la saba yuko wapi? Mkiambiwa "ameenda kwa shangazi mjini" ulizeni taratibu, shangazi gani, mtaa gani, namba ya simu. Mwaka wa njaa watoto wetu wa kike ndo wanaolipa, ama wanapelekwa kazi za ndani Dodoma na Dar, ama inapokelewa mahari haraka haraka. Debe mbili za mahindi zikifika kabla ya uamuzi ule zinaweza kumbakiza darasani. Ikishindikana, basi kanisa la huko mjini lipigiwe simu, mtu aende amuone anaishi vipi.

Angalieni na baba wa nyumba. Wanaume wetu hawalii mbele za watu. Ukimuona amekaa kutwa anaangalia chini, halali, anakunywa kuliko zamani, anaongea kwamba familia ingekuwa na nafuu bila yeye, usimhubirie na usimwambie akaze imani. Kaa naye. Muulize wazi kama amefikiria kujiua, kuuliza hakumpi mtu wazo, kunamfungulia mlango. Mwambieni mke au kaka yake ahamishe dawa za wadudu na kamba, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ikibidi Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili pale Dodoma. Watu wanaogopa jina la Mirembe. Mchungaji akisema madhabahuni kwamba kwenda kutibiwa ni sawa na kwenda kutibiwa malaria, watu wanaenda.

Na nawaomba wahubiri: mwaka wa ukame msisimame kusema mvua imekata kwa sababu ya dhambi za kijiji. Yule mama aliyepanda mara tatu na mara tatu ikakauka, akiyasikia hayo anarudi nyumbani akiwa hana chakula na hana Mungu.

Hatua ya 8: Kinachozidi uwezo, semeni mapema

Mwezi wa nne huo huo mlipopata hesabu, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa diwani: kaya ngapi, zitaishiwa mwezi gani, bila majina. Kuna njia ya mahindi ya bei nafuu kutoka NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, kupitia halmashauri, lakini maombi yana ngazi zake na kila ngazi inakula wiki, barua ya Januari inajibiwa watu wameshavuna. Kaya zilizo TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, angalieni kama bado zinapokea. Dayosisi au jimbo wakiuliza mnataka nini, ombeni hela ya kununua nafaka Julai, msiombe nguo.

Mwenye mifugo ashauriwe kuuza mmoja au wawili Juni wakiwa wamenona, anunue gunia, kuliko kuuza watano Novemba wakiwa mifupa. Wazee hawapendi kusikia hili, ila wakionyeshwa hesabu kwa vijiti chini kwenye mchanga wanaelewa.

Hatua ya 9: Mavuno yakirudi

Waliochukua nafaka ya ghala kwa makubaliano ya kurudisha walipe nafaka, debe kwa debe, hamna riba. Aliyepewa bure kabisa, wazee wasiojiweza, wagonjwa, yatima, hao haijaandikwa na haidaiwi. Aliyekopa na shamba likakataa tena, aahirishiwe mwaka, na asikumbushwe mbele ya watu. Aliyefariki, deni lake lifutwe siku ya mazishi na familia iambiwe siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka makaburini, wasilale na hiyo hofu.

Wanaporudisha, pimeni kwa debe lile lile lililotumika kukopesha. Litieni alama ya rangi, likae ghalani, lisiazimwe kwenye sherehe likapondwa pembeni. Nafaka inayorudi nayo ikaguliwe kwa chupa na chumvi kabla haijaingia kwenye mfuko, hata kama aliyeileta ni mzee wa kanisa.